Vitunguu Tisa vya Mpakani

Ilianza na harufu ya udongo mkavu uliomwagiwa maji. Nilikuwa Dar es Salaam, nimekwenda kumwona binti yangu Neema, na Jumamosi moja asubuhi akanipeleka kwenye bustani ya mimea ya pale mjini. Alisema, "Mama, maisha yako yote ni miche, twende ukaone miche ya wenzako." Nilikwenda na kiburi changu, sitawaficha. Nina kitalu Mugumu. Nilikianza na viriba vya kuokota na samadi ya kubeba kichwani, na leo ukitoka Mugumu kwenda Issenye, migrevilea mingi unayoiona pembeni mwa mashamba imepita kwenye mikono hii. Yote hayo, na shule niliishia darasa la pili. Kwa hiyo niliingia pale getini kama mkaguzi. Niliona miti yenye mizizi iliyosimama kama kuta, niliona michikichi ya aina ambazo sijawahi kuziona, na kila mmea umewekewa kibao chenye majina ya kigeni. Joto lilinikaa shingoni, kunguru walikuwa wanagombana juu, na mama mmoja wa makamo alikuwa akimwagilia kwa mpira. Maji yalipogusa udongo ile harufu ikapanda, harufu ya mvua ya kwanza kwetu Gorong'a, nikageuka kuifuata. Ndipo nikakiona.

Kilikuwa kwenye tuta dogo lililozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Shina moja nene lenye madoadoa, halina jani, na juu yake ua jekundu la duara, kubwa kama mpira wa watoto, sindano zake zimesimama pande zote. Sisi tulikiita tu kitunguu cha porini. Kiangazi chote kinalala chini kama kimekufa, huoni kitu. Mvua ya kwanza ikinyesha, ndani ya siku chache shina linapasua udongo na ua linafunguka. Nilijikuta nimechuchumaa na mkono umekwisha fika. Neema akanishika bega. "Mama, usiguse, kibao kinakataza." Yule mama wa mpira akasogea, akafunga maji kwanza ndipo akasalimia. "Shikamoo mama. Tunawaomba wageni wasiguse." Nikamwambia marahaba, nikamuuliza hiki kimetoka wapi. Akasema hajui, alikikuta. "Lakini humu ndani, mama, usidanganyike na huu uzuri. Hakuna kilichoota chenyewe. Kila kimoja kuna mtu alikitoa mahali." Nikamuuliza, na kule kilikotolewa? Akacheka. "Kule hatujui. Sisi tunamwagilia tu." Akafungua maji akaendelea. Mimi nilibaki nimechuchumaa mpaka magoti yakafa ganzi, maana mimi najua kule. Nilikuwa na bustani kama ile nilipokuwa na miaka tisa, na nilitoa vitu mahali.

Mwaka ule baba alinitoa shuleni nikachunge mbuzi, kwa sababu mdogo wangu Mwita ndiye aliyetakiwa asome. Sikulia. Nilichokosa zaidi hakikuwa kusoma, maana kusoma kwenyewe nilikuwa sijakukamata. Nilikosa bustani ya shule. Kila mtoto alikuwa na tuta lake, mawe yamepangwa mstari, na mwalimu alichomeka kipande cha ubao kilichoandikwa jina la kilichopandwa. Tuta langu alipewa mtoto mwingine siku ileile nilipotoka. Basi nikasema nitatengeneza langu. Juu ya kilima tulikochungia kulikuwa na miamba mikubwa, na katikati ya miamba mahali penye udongo mzuri ambapo mbuzi hawakuweza kuingia nikiziba kwa matawi. Kiangazi kizima nilibeba mawe. Nilipanda shubiri, katani, muhogo, nyasi za kuezekea, mbegu za maboga, kila kitu kimoja kimoja, na mbele ya kila kimoja niliweka kigae cha chungu nilichokiandika kwa mkaa. Maneno niliyoweza kuandika yalikuwa machache, kwa hiyo muhogo niliuandika BABA na katani nikaiandika TATU. Hakuna aliyenisahihisha. Nilikuwa mwalimu na mwanafunzi na mwenye shule, na sijui kama nimewahi kujiona mkubwa hivyo tena, hata siku nilipoezeka nyumba yangu ya bati.

Ulibaki mstari mmoja wa mbele, mtupu. Nilitaka maua. Nilikumbuka kwamba chini, kati ya shamba letu na shamba la jirani yetu Marwa, kila mvua za kwanza huchomoza maua mekundu kwa mstari ulionyooka. Sikujiuliza kwa nini yamenyooka. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, mabua yamechomwa, pale chini hapakuonekana chochote isipokuwa ncha kavu za majani zilizobaki hapa na pale. Nilikwenda mchana watu wakiwa kwenye kivuli, nikachimba kwa kijiti, nikatoa vitunguu tisa. Ilinichukua safari mbili, nimevibeba kwenye kanga ya mama. Nikavipanda mstari wa mbele, nikaweka kigae kimoja tu kwa vyote, nikaandika neno nililolijua vizuri kuliko yote: UA. Nikaenda zangu kunywesha mbuzi, mwepesi kabisa moyoni.

Lazima niseme Marwa alikuwa nani kwetu. Yeye na baba walitahiriwa msimu mmoja, na kwa Wakurya hilo ni zaidi ya undugu wa kuzaliwa. Watu wa saro moja, yaani waliotahiriwa pamoja, wanaweza kutukanana mchana kutwa na hakuna anayekasirika. Baba alikuwa na maksai wawili, Marwa wawili, wakalima kwa jembe moja mashamba yote mawili. Marwa akipita kwetu huanzia mbali, akimwita kama wanaume wa Kikurya wanavyoitana, "Mura, umeamka au bado mke wako anakufunika?" na baba anajibu, "Mimi nimeamka, ni wewe unayelima usingizini, angalia mistari yako." Alikuwa na binti wa umri wangu, Ghati, na kitinda mimba, Nyangi, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Nyangi nilimbeba mgongoni mimi kuliko dada yake. Alikuwa na tabia ya kunivuta sikio nikisimama, kama anaamrisha ng'ombe.

Mwaka ule Marwa alilima mapema, udongo ukiwa bado mkavu, na baba alikuwa na homa hakwenda. Marwa alitafuta zile ncha kavu za majani ili ajue aishie wapi, hakuziona, akakisia. Alivuka upande wetu hatua nne au tano. Hakuna aliyejali. Kisha mvua zikaja, na kila mtu wa pale alijua siku ngapi ahesabu. Siku zikafika, zikapita. Maua hayakutoka. Baba alisimama pale asubuhi ameshika fimbo, akatembea kutoka juu mpaka kijitoni, akarudi. Mpaka ule uliwekwa na babu yake na babu yake Marwa. Kwetu wakati ule hapakuwa na karatasi. Kung'oa kitunguu cha mpakani kulikuwa sawa na kufukua kaburi la mtu. Marwa akamfuata akicheka. "Mura, umepoteza nini, kibuyu cha tumbaku?" Baba hakujibu utani. Alisema, "Umelima juu ya mpaka, na mpaka haupo. Niambie mimi nifikirie nini." Marwa akasema, "Fikiria kwamba hata mimi nilivitafuta." Baba akasema, "Na ulipovikosa ukaona upite tu." Nilikuwa nimesimama nyuma yao na Nyangi mgongoni. Hawakutaniana tena kuanzia neno hilo.

Nilikimbia kilimani. Vyote tisa vilikuwa vimechanua. Karibu mistari yangu mingine yote ilikuwa imekufa kwa jua la kiangazi, lakini ule wa mbele ulikuwa unawaka, umenyooka, na kigae changu kimeoshwa na mvua lakini UA inasomeka. Nilikaa pale mpaka mbuzi wakatawanyika. Nilifikiria kuvirudisha, lakini pale mpakani sasa walikuwa wamesimama watu kutwa, na vitunguu vyenye maua ya urefu wa mkono huwezi kuvificha kwenye kanga. Jioni ile nilimwambia mama. Alikuwa anapepeta ulezi. Nilimwambia yote, hadi kigae. Hakuacha kupepeta. Alipomaliza alinishika kidevu, akasema, "Umeota." Nikasema sikuota. Akakaza mkono. "Robi, sikiliza. Baba yako amekwisha kwenda kwa wazee. Amemtaja mwenzake mbele za watu. Sasa unataka arudi kuwaambia mwizi ni binti yake? Umeota. Na ndoto hiyo usimwambie mtu." Mama yangu hakuwa mtu mbaya. Nimelea watoto wanne, najua jinsi hofu inavyompangia mzazi maneno. Lakini nilimtii, na hilo ni langu, si lake.

Wazee walikaa pale pale mpakani. Walimuuliza Marwa mara tatu, mara tatu akakataa. Wakamwambia basi ale kiapo. Akainama, akachota udongo mahali vitunguu vilipokuwa, akauweka mdomoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kama mkono wangu umegusa mpaka huu, udongo huu usiniache mimi wala nyumba yangu." Akameza. Nilikuwa mbele pamoja na watoto wengine. Nilifungua mdomo, nakumbuka upepo ulivyoingia ukaupoza ulimi, na sikutoa neno. Mama alikuwa upande wa pili ananitazama. Watu wakatawanyika wakisema sasa ni kungoja. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kuamua: kiapo kinaliwa, halafu watu wote wanakaa kungoja kama mnavyongoja mvua.

Mahindi yalipofika kiunoni, surua ikapita. Ilipita nyumba nyingi, hata Mwita aliugua, lakini aliyekufa katika nyumba zile za karibu alikuwa Nyangi. Sijui mngemwambia nini mtoto wa miaka tisa aliyekuwa na joto la mtoto yule bado mgongoni. Wanawake walikwenda kulia, lakini walilia wakiwa wamesimama mbali na mlango, na nilisikia mmoja akimwambia mwenzake, "Udongo umefika." Baba alikaa siku mbili bila kula. Siku ya tatu alisema, "Amejimaliza mwenyewe," na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshinda kitu. Marwa hakuondoka mara moja. Alivuna kwanza. Kisha kiangazi kikaingia, akafungua mabanda, akapanga ng'ombe wake, akaenda upande wa Serengeti, Issenye, kwa mjomba wake. Njia yake ilipita chini ya kilima changu. Aliniona nimesimama na mbuzi, akasimamisha ng'ombe. Akasema, "Robi, mbuzi wako wamenenepa. Unawachungia wapi?" Nikanyoosha kidole juu kwenye miamba. Akatazama huko muda mrefu, akatikisa kichwa kama mtu anayesifia. "Pazuri." Ghati alikuwa nyuma amebeba kuku kwenye tenga. Hakunisalimia.

Mvua zilizofuata baba alilima shamba letu na lile lililoachwa, hadi mwisho wake wa ng'ambo. Mimi sikupanda tena kule juu. Niliolewa, nikaachika, nikaenda Mugumu na watoto na jembe, na yaliyofuata nimeyafanya mwenyewe. Watu huniuliza nilijifunzia wapi miche, nami huwaambia niliokota tu. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu kwamba nilianza kwa kuiba.

Nilimwambia Neema pale bustanini, tumekaa kwenye benchi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, ulikuwa mtoto." Nilijua atasema hivyo. Nikamwambia, "Nilikuwa mtoto mwaka mmoja. Miaka mingine yote nilikuwa mtu mzima." Maana nyumba ya Marwa pale Issenye naijua. Nimepeleka miche kijiji kile miaka na miaka. Marwa alikufa na nilisikia, sikwenda msibani. Ghati amerudi kwenye boma la baba yake, na amewahi kununua miche ya maparachichi ya kupandikiza kwangu sokoni, tukasalimiana kama muuzaji na mteja. Na nyumbani Gorong'a Mwita alikuwa amenipigia simu wiki ile kwa furaha: wapimaji wa ardhi wanakuja, wataweka bikoni za saruji mipakani, shamba lote, na lile la Marwa ndani yake, litaingia kwenye hati. Nilimwambia, "Vizuri." Sasa nilikuwa nimekaa kwenye benchi la jiji naiona ile saruji ikikauka juu ya kinywa cha mtu.

Nilikata tiketi nikarudi. Nilishuka Tarime, nikaenda kilimani Gorong'a kabla ya kwenda kwa mtu yeyote. Kigae sikukiona. Mawe yangu yalikuwepo, yamezama nusu, na kati yake ncha kavu za majani, siyo tisa tena, zimezaana zimejaa mpaka kwenye nyufa za miamba. Nilichimba tisa, nikavitia kwenye kiroba. Siku ya pili nilikuwa Issenye, nimeshuka kwenye bodaboda mlangoni kwa Ghati na kiroba mkononi. Alikuwa anaanua ulezi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa nisingeweza. Alinisikiliza akiendelea kuanua, na kwa muda niliona kabisa mikono ya mama yangu.

Alipomaliza akasema, "Kwa hiyo ulikuwa unaniuzia maparachichi na unajua."

"Ndiyo."

"Na moja halikushika."

"Nitakuletea jingine."

"Usiniletee." Akatazama kiroba. "Hivyo umeleta vya nini?"

Nikasema nilifikiri kuvipanda kwenye kaburi la baba yake. Hapo Ghati alicheka, kicheko kifupi kibaya. "Baba alitukanwa kwa ajili ya maua hayo, halafu unataka kumlaza chini yake. Hapana, Robi. Yeye aliacha kusema habari zile, lakini mama alikufa anaamini ni kile kiapo kilichomla Nyangi. Aliamini mume wake aling'oa. Walilala nyumba moja miaka yote hiyo." Kisha akasema, "Shamba sitaki, nina shamba. Virudishe ulikovitoa. Mchana. Watu wakiona. Na useme kwa nini."

Ndivyo nilivyofanya. Nilirudi Gorong'a, nikakaa mpaka Mwita alipoanza kupalilia mihogo pamoja na wake za wanawe na majirani wawili. Mahali penyewe nilipapata kwa kupima kutoka mwamba mpaka kijitoni, kwa macho, na pakaangukia katikati ya shamba la mdogo wangu. Nikapiga magoti nikaanza kuchimba. Mwita akaja na jembe begani. "Dada, unatafuta nini?" Nikamwambia, "Napanda mpaka." Akadhani utani. Nilipomweleza, kwa sauti ambayo wote waliisikia, hakupiga kelele. Mwita si mtu wa kelele. Alisema, "Baba yuko kaburini na unamfanya mwongo." Nikamwambia baba hakudanganya, baba hakujua. Anayejua ni mimi, Marwa hakugusa mpaka huu, na nilitaka wote waliopo walisikie hilo na wakawaambie wasiokuwepo. Mmoja wa wake za wanawe alikuwa na mtoto mgongoni. Sikuweza kumtazama. Mwita akauliza, "Wapimaji nitawaambia nini?" Nikasema, "Waambie uliyoyasikia." Akaondoka. Nilimaliza vyote tisa, mstari wangu ukapinda kidogo, na kwenye cha kwanza nikachomeka kibao nilichokata kwenye kopo la rangi na kukifunga kwa kamba kwenye kijiti. Nilikuwa nimekiandika mwenyewe kwa msumari, herufi moja moja. MARWA.

Wakati wa baba mpaka ulikuwa kitu cha kungojewa. Kila mwaka watu wawili walisimama shambani kutazama kama udongo utasema walichokubaliana babu zao, na usiposema waliulizana. Bikoni haingojwi, inakaa tu, na ikiwekwa vibaya hakuna mvua itakayoiumbua. Sisemi ule wakati ulikuwa bora; ule wakati ulimlisha udongo mtu asiye na kosa na mimi nikatazama. Nasema tu nilibahatika kwamba ile saruji ilikuwa bado. Wapimaji wameahirisha, wanasema barabara ni mbovu. Mwita hanipigii simu kama zamani. Juzi nilimpigia mimi, tukazungumza ng'ombe, tukazungumza homa ya mke wake, na mwishoni nikamuuliza habari za mpakani. Akasema mvua bado haijanyesha, na kibao kimesimama. Mbuzi walikula kamba, akafunga nyingine.